Nasikia Chumba

Hedifoni yangu ya kwanza ilikuwa na sikio moja lililokufa, la kushoto. Waya ulikatika ndani kwa ndani karibu na plagi. Miezi ya mwanzo niliweza kuufufua kwa kuukunja na kuubana na gundi ya karatasi. Baadaye hata kukunja hakukusaidia, nikazoea. Kwa miaka mitatu nilisikiliza roki kwa sikio la kulia tu. Gitaa za upande wa kulia nilizijua kwa moyo. Za kushoto sikujua hata kama zipo.

Kwa hiyo albamu ninazozipenda kupita zote nimezisikia kwa mara ya kwanza mara mbili: ile ya nusu, na ile ya siku nilipopata hedifoni nzima. Siku hiyo nilizima taa, nikalala sakafuni, nikaanza na wimbo wa mwisho wa albamu ya nne ya Led Zeppelin, ile ya mwaka 1971 iliyotoka bila jina juu ya jalada. "When the Levee Breaks." Unaanza kwa dramu peke yake. Nilikuwa nimeusikia labda mara mia, lakini safari hii dramu haikuwa sikioni. Ilikuwa mbali, chini yangu, kama mtu anayebomoa mlango wa nyumba kubwa huku mimi nimejificha ghorofani. Vinyweleo vilinisimama. Kabla gitaa halijaingia nilikuwa nimeshaelewa kwamba hapa kuna nyumba. Ina kuta, na dari yake iko juu sana.

Miezi mingi ikapita kabla sijasoma habari za ile rekodi. Nyumba ilikuwepo kweli. Inaitwa Headley Grange, iko Hampshire, Uingereza, na ilijengwa mwaka 1795 kuwahifadhi maskini, wazee na yatima. Bendi iliikodi, ikaleta studio ya kwenye lori iliyokuwa mali ya Rolling Stones, ikaiegesha nje na kuingiza nyaya ndani. Dramu za John Bonham zikawekwa ukumbini, chini ya ngazi. Fundi wa sauti, Andy Johns, akapanda juu na kuning'iniza maikrofoni mbili zikitazama chini. Karibu na dramu zenyewe hakuweka hata moja. Masikio yangu yalikuwa yamekaa palepale nilipohisi: ghorofani, yakichungulia.

Kuna na jambo jingine ambalo mwili wangu ulilijua kabla yangu. Kanda ilipunguzwa mwendo baada ya kurekodiwa, ndiyo maana kila kitu kina uzito ule wa kuburuzwa matopeni. Wimbo wenyewe si wao kwa asili. Waliurekodi kwanza Kansas Joe McCoy na Memphis Minnie mwaka 1929, wakisimulia mafuriko ya mto Mississippi ya mwaka 1927, yaliyowang'oa mamia ya maelfu ya watu makwao. Toleo la kwanza ni gitaa mbili na sauti ya mtu anayekueleza msiba wake akiwa amekaa karibu nawe. Toleo la Headley Grange ni maji yenyewe. Hayana haraka. Yanapanda ngazi moja, kisha nyingine. Nayapenda matoleo yote mawili, ila la pili bado linanitisha.

Tangu usiku ule ndivyo ninavyosikiliza. Wapenzi wenzangu wa roki wakianza kubishana kuhusu solo ya nani ina kasi zaidi, mimi huwa nataka kujua wimbo ulirekodiwa wapi, nani alikuwa amekaa na nani amesimama, mlango ulikuwa wazi au umefungwa. Nasikia chumba kwanza, halafu wimbo.

Albamu ya pili usiku uleule ilikuwa The Dark Side of the Moon ya Pink Floyd, ya Machi 1973. Humo kuna mtu anayekimbia. Kwa miaka mitatu nilimsikia akitokea na kutoweka bila kujua ametoka wapi wala ameenda wapi, nikadhani ndivyo ilivyokusudiwa. Kwa hedifoni nzima alivuka kichwa changu kutoka upande hadi upande, na mimi nikageuza shingo kumfuata, gizani, peke yangu. Kisha zikaja saa. Alan Parsons, fundi wa sauti wa studio za Abbey Road, alikuwa amezirekodi moja moja kwenye duka la saa za kale, zikaunganishwa zilie zote pamoja. Hadi leo najua kabisa ni sekunde gani zitalia, na bado hushtuka.

Lakini kinachonirudisha kwenye albamu hiyo ni dakika zisizozidi tano za "The Great Gig in the Sky". Richard Wright, mpiga kinanda wa bendi, alitunga mfuatano wa piano unaohusu kifo, na bendi ikakwama: iweke nini juu yake? Januari 1973 wakamwita Clare Torry, mwimbaji wa kukodiwa aliyekuwa na umri wa miaka 25. Hawakuwa na maneno ya kumpa. Alipojaribu kutia vineno vya kawaida vya nyimbo za mapenzi walimwambia hapana, ndipo akaamua kujigeuza chombo, sauti tupu. Aliimba mara mbili na kidogo. Alipomaliza aliona aibu, akadhani amepitiliza na kwamba kazi ile haitatumika. Alilipwa pauni 30. Aligundua kuwa imetumika alipoona jina lake kwenye jalada la santuri dukani. Baada ya miaka zaidi ya 30 na kesi iliyoishia kwa makubaliano mwaka 2005, ndipo akatambuliwa kuwa mtunzi pamoja na Wright, na nafikiri ilikuwa haki iliyochelewa mno. Piano ile bila yeye ni mlango usio na mtu wa kuingia.

Nilipompoteza bibi yangu sikuweza kusikiliza kitu chenye maneno. Kila neno lilikuwa kama mtu ananiambia nijikaze. Usiku wa tatu niliuweka wimbo huo. Watu wengi husifia kile kilele cha mwanzo, sauti inapopanda na kupasuka. Mimi nililia pale katikati inaposhuka, inapokuwa karibu mnong'ono, kama mtu aliyepiga kelele hadi akachoka na sasa anaongea na mgonjwa aliyelala. Pale ndipo nilipomwona bibi. Niliurudia hadi alfajiri.

Black Sabbath nitawapitia kwa ufupi, kwa kuwa kwao ninachosikia zaidi ni mkono. Tony Iommi alikatwa ncha za vidole viwili vya mkono wa kulia na mashine kiwandani, Birmingham, katika siku yake ya mwisho ya kazi. Yeye hupiga gitaa kwa mkono wa kushoto, kwa hiyo vidole vilivyokatika ndivyo vinavyobana nyuzi. Aliyeyusha chupa ya plastiki akajitengenezea vifuniko vya vidole, akatumia nyuzi nyembamba, na miaka michache baadaye akaanza kuzilegeza ili zisimuumize. Albamu ya kwanza, iliyotoka Februari 1970, waliirekodi kwa siku moja, wakipiga pamoja kama walio jukwaani. Nikiisikiliza nasikia mtu anayebonyeza chuma kwa kidole kisicho na ncha, na ule uzito ambao baadaye ulizaa aina nzima ya muziki hauniletei picha ya shetani wala moshi. Unaniletea picha ya kijana mwenye kazi ngumu ambaye amekataa kuacha.

Kuna albamu niliyoichukia kwa muda mrefu, na nataka niilipe deni lake hapa. Ni Rumours ya Fleetwood Mac, ya mwaka 1977. Kwangu ilikuwa safi mno, imepigwa pasi. Nilijua habari zake, nani hajui: ndoa ya John na Christine McVie imevunjika, uhusiano wa Lindsey Buckingham na Stevie Nicks umevunjika, na bado watu haohao wanaingia studio moja isiyo na madirisha huko Sausalito, California, kuimbiana mashtaka. Nicks anaitikia wimbo ambao Buckingham anamsema yeye. Buckingham anapiga gitaa kwenye wimbo ambao Nicks anamjibu. Kama habari, ilinivutia. Kama sauti, sikuona pa kuingilia.

Niliingilia kwa "Songbird". Kila kilichouzunguka kiko karibu na sikio, kimekaushwa, kimepangwa. Huu umekaa mbali, kuna hewa kati yangu na piano, na hewa hiyo haina mtu. Nilipofuatilia nikakuta kwamba waliutoa studio makusudi. Walikodi ukumbi wa maonyesho wa Zellerbach pale Berkeley, viti vitupu, wakaweka piano jukwaani na maikrofoni huku na huku ukumbini, na Christine McVie akaimba usiku akiwa peke yake chini ya taa. Buckingham alikuwa pembeni ya jukwaa akimshikia mwendo kwa gitaa. Hebu usikilize ukijua hivyo. Mwanamke anawatakia wengine mapenzi mema mbele ya viti vyote visivyo na mtu.

Baada ya hapo nikairudia albamu nzima, na yale niliyoyaita usafi yakaanza kusikika kama uchovu. Inasemekana na waliokuwepo kwamba kanda za awali zilichezwa mara nyingi mno, wakiongeza hiki na kufuta kile, hadi utando wa sumaku ukaanza kulika na dramu zikapoteza ung'avu wake. Ikabidi wafufue ngoma hizo kutoka kwenye nakala ya akiba. Kanda inalika kwa kuguswa sana. Siku hizi besi ya John McVie ikiingia peke yake katikati ya "The Chain", na wengine wote wamenyamaza, huwa nasimamisha chochote ninachofanya.

Nevermind ya Nirvana, ya Septemba 1991, siisikilizi tena kwa mfululizo. Nyimbo zake kubwa nilizimaliza nikiwa kijana. Ila ule wa mwisho, "Something in the Way", sijaumaliza na sidhani kama nitaumaliza. Walijaribu kuurekodi wote pamoja, ikashindikana. Mtayarishaji Butch Vig alikuwa chumba cha mitambo, na mwimbaji wa Nirvana, Kurt Cobain, akaingia humo, akajilaza kwenye kochi na gitaa lake la nyuzi tano lisilotuniwa vizuri, akaanza kumwonyesha jinsi wimbo unavyopaswa kuwa, kwa sauti ya mtu anayejiongelesha. Vig akazima kila kitu kinachovuma, akasogeza maikrofoni hadi kochini, akarekodi palepale. Vyombo vingine vikaja juu yake baadaye. Dave Grohl, ambaye dramu zake kwenye nyimbo nyingine zinakaribia kuvunja ukuta, ilibidi apige kama mtu anayeogopa kuamsha mtoto.

Nilisikia kochi kabla sijajua kuna kochi. Sauti inayotoka kifuani kwa mtu aliyelala si sawa na ya aliyesimama, pumzi inapita kwa shida, maneno yanakufa mwishoni. Mimi pia nilikuwa nimelala. Sijawahi kusikia wimbo unaonikuta katika mkao wangu namna ile.

Sasa nifike kwa albamu ya Nebraska, kwa sababu kwa kweli ndiyo iliyonifanya nitake kuandika haya.

Mwanzoni mwa mwaka 1982 Bruce Springsteen alikuwa tayari nyota. Alikuwa amepanga nyumba huko Colts Neck, New Jersey, na hakutaka tena kupoteza muda wa studio akitunga nyimbo papo hapo. Akamtuma fundi wake amtafutie mashine ndogo ya kurekodia kaseti yenye njia nne, kitu cha kutumia nyumbani. Akakaa chumbani na gitaa, harmonika na maikrofoni mbili za kawaida, akaimba. Nia ilikuwa awaonyeshe wenzake wa bendi nyimbo mpya, basi. Kaseti ile akaiweka mfukoni, bila kasha, akatembea nayo kwa wiki kadhaa. Kisha bendi ikaingia studio ya kweli yenye vyombo vya kweli, wakazipiga nyimbo zile vizuri kabisa, na zikafa. Akajaribu tena peke yake studioni, zikafa tena. Mwishowe akaitoa kaseti mfukoni akasema albamu ni hii. Mafundi walihangaika sana kuihamishia kwenye santuri, kwa kuwa sauti yake ilikuwa hafifu na mvumo wa kanda mwingi. Ilitoka Septemba 1982 na nyimbo 10.

Niliisikiliza mara ya kwanza nikaizima kwenye wimbo wa tatu. Hakuna dramu. Sauti iko mbali. Wimbo wa kwanza unasimuliwa na muuaji, na hajuti. Nilikuwa nimezoea roki inayokushika mkono ikuvushe, na hii ilikuwa inaketi upande wa pili wa chumba bila hata kunitazama. Niliiacha kwa miaka.

Nina mdogo wangu wa kiume. Kuna usiku alinipigia simu akiwa ameharibu jambo kubwa, na halikuwa la kwanza. Nikamwambia safari hii apambane nalo mwenyewe, nikakata simu. Tulikaa miezi minane bila kusemezana. Katika miezi hiyo, nikitafuta kitu cha kusikiliza njiani, nikairudia Nebraska, na wimbo wa tano, "Highway Patrolman", ukanikuta sijajiandaa. Anayesimulia ni askari wa barabarani, mtu mnyoofu. Ana ndugu yake asiyetulia, na maisha yake yote amekuwa akimfichia makosa. Usiku mmoja ndugu huyo anamjeruhi mtu vibaya na kukimbia, askari anamfukuza kwa gari kuelekea mpakani, anamkaribia. Halafu anaegesha pembeni na kutazama taa za nyuma za gari lile zikipotea.

Springsteen haipandishi sauti pale. Sehemu hiyo mwimbaji mwingine yeyote angeipasua, naye anaisema kama mtu anayejaza fomu. Gitaa linaendelea na mwendo uleule. Nilisimama. Nilitoa hedifoni nikaziweka tena, nikaurudisha wimbo mwanzo. Siamini kwamba askari yule alifanya vema, na wimbo hauniombi niamini hivyo. Unaniweka tu ndani ya gari lililosimama, injini inaunguruma, usiku mbele.

Asubuhi yake nilimpigia. Akapokea kwa sauti ya usingizi: "Naam, kaka." Tukazungumza mambo ya kawaida, kama robo saa hivi.

Baadaye nikapata habari iliyonisumbua. Ule upana ninaousikia kwenye Nebraska, ule mwangwi kama wa barabara tupu, haukutoka chumbani. Chumba kilikuwa cha kulala tu, cha nyumba ya kawaida. Mwangwi uliongezwa kwa mashine ya kanda iitwayo Echoplex wakati wa kuchanganya nyimbo, na kilichopokea mchanganyiko wenyewe ni redio kaseti iliyowahi kuloa maji. Hata dramu za Headley Grange zilipitishwa kwenye mashine ya mwangwi. Nilijisikia kama nimedanganywa, kwa kuwa nilikuwa nimejenga imani nzima juu ya kuta, na kuta nyingine zilikuwa za sumaku.

Nikakaa nazo tena, zote mbili, usiku mmoja baada ya mwingine. Mashine imempa Springsteen ukubwa wa uwanja, hilo nalisikia sasa waziwazi. Lakini jinsi anavyovuta pumzi kabla ya mstari ni ya mtu asiyetaka kuwaamsha walio chumba cha pili. Hakuna aliyemsikiliza wakati ule. Hakujua kwamba anarekodi albamu. Hicho ndicho bendi nzima ilishindwa kukirudia studioni, na mashine isingeweza kukitia.

Radiohead nao walifukuzia kitu cha namna hiyo kwa OK Computer, albamu iliyotoka mwaka 1997, walipohamia kasri la zamani karibu na Bath, Uingereza, na mwimbaji wao Thom Yorke akaimbia "Exit Music" kwenye ngazi za mawe. Sauti inasikika imelowa ubaridi. Naipenda sana, ingawa pale nasikia watu waliojua fika wanachotafuta.

Huwa namalizia na albamu nyingine ya Nirvana, MTV Unplugged in New York, iliyopigwa mbele ya watu. Ilirekodiwa tarehe 18 Novemba 1993, Cobain akafariki Aprili 1994, albamu ikatoka Novemba ya mwaka huohuo, kwa hiyo sikupata kamwe kuisikia kama rekodi ya mtu aliye hai. Kuna mishumaa, kuna maua ya yungiyungi, yeye mwenyewe aliyataka. Chumba kimejaa watu, na kati ya nyimbo unawasikia, viti, kikohozi. Wimbo wa mwisho ni wa kale, aliujua kutoka kwa mwimbaji wa zamani Lead Belly. Anauimba chini chini hadi karibu na mwisho, anaupandisha, sauti inapasuka kabisa, na kabla hajaumaliza mstari wa mwisho anasimama. Anavuta pumzi. Inasikika. Ni chini ya sekunde mbili, na katika chumba kile chenye watu wote wale hakuna anayesogea.

Waliomwandalia kipindi walimwomba arudi apige mmoja zaidi. Alikataa, akisema hawezi kuuzidi ule. Nami sijawahi kuweka wimbo mwingine baada yake. Huvua hedifoni, sikio la kushoto kwanza, nikabaki nimelala palepale sakafuni.